Metali ya mionzi ikichomoka kwenye kelati yake, kamera inapiga picha ya nini? (uzi mrefu)

Mkemia_wa_Kikwajuni (mleta mada)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka asome nusu leo na nusu kesho.

Watu wetu wengi wanavuka bahari kwenda kupigwa picha za nyuklia, hasa picha ya mifupa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti na ya tezi dume. Wanarudi na bahasha, na mara nyingi hakuna aliyekaa nao akawaeleza wamedungwa nini. Wanaambiwa "sindano ya mionzi" basi. Lakini mionzi haidungwi peke yake. Kinachoingia mshipani ni molekuli iliyoshika metali yenye mionzi. Molekuli ndiyo inayojua njia ya kwenda kwenye mfupa, kwenye figo au kwenye uvimbe. Metali kazi yake ni kutoa mwale ili kamera ione molekuli imefika wapi. Mshiko huo, yaani metali kuzungukwa na kubanwa na molekuli kwa mikono kadhaa, ndio unaoitwa kelati.

Kamera ya gama haioni kelati. Inaona mwale tu. Metali ikichomoka njiani, kamera itaendelea kupiga picha vizuri sana, nzuri na yenye kung'aa, ila itakuwa picha ya metali inayozurura na si ya ugonjwa tulioutafuta. Ndiyo maana nasema suala la uthabiti wa kelati ni haki ya mgonjwa, si mchezo wa wakemia.

Nianze na teknetiamu-99m, maana ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi hii duniani. Nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni saa 6, na mwale wake una nguvu ya kiloelektroni-volti 140, unaopenya mwili vizuri na kamera inaupenda. Inazaliwa na molibdenamu-99 yenye nusu-maisha ya saa 66, inayotengenezwa kwenye vinu vya nyuklia. Kimoja ni SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza kazi 1965. Molibdenamu inasafirishwa ndani ya jenereta, mtungi mdogo uliozungushiwa madini ya risasi. Asubuhi mtaalamu anapitisha maji ya chumvi humo, na yanatoka yakiwa na teknetiamu katika umbo la perteknetati.

Sasa perteknetati ikidungwa hivi hivi, mwili unaichukulia kama aidini. Inakimbilia tezi ya shingo, tezi za mate na ukuta wa tumbo. Haina habari na mfupa. Ili iende kwenye mfupa lazima kwanza inyang'anywe oksijeni zake nne, halafu ishikwe na molekuli ya MDP, ambayo inapenda kunata kwenye kalsiamu ya mfupa.

Kazi hiyo inafanyika ndani ya kichupa kidogo kilichofungwa kwa mpira na kofia ya alumini. Ukikiangalia kwenye mwanga unaona tabaka jembamba la unga mweupe limeganda chini. Ndani yake kuna MDP na kloridi ya bati, na nafasi iliyobaki ni nitrojeni, si hewa. Bati ndilo linaloipokonya teknetiamu oksijeni. Ukidunga perteknetati kupitia mpira ukaingiza na hewa, oksijeni ya hewa inalila bati kabla halijafanya kazi, na hata kelati iliyokwisha kuundwa inaweza kurudi kuwa perteknetati taratibu. Povu moja la hewa kwenye sirinji si jambo dogo.

Kosa la upande wa pili lipo vilevile. Teknetiamu iliyonyang'anywa oksijeni lakini haikupata wa kuishika inashikamana na maji na kuwa chembechembe ndogo sana. Hizo zinaokotwa na ini na bandama. Kwa hiyo picha ya mifupa yenye shingo na tumbo vinavyong'aa inazungumza habari moja, na yenye ini linalong'aa inaweza kuzungumza habari nyingine, na zote mbili zinaweza kuwa hazihusiani na saratani.

Kuna kipimo cha kugundua haya kabla ya kumdunga mtu. Nitakieleza mkitaka. Karibuni.

Ukhti_Mwera

Wa alaykum salaam kaka. Umenigusa. Mama yangu alipelekwa nje ya nchi, akapigwa picha ya mifupa. Ripoti ilikuja na maneno kwamba shingoni na tumboni kuna "ufyonzaji". Nyumbani hatukulala. Watu wakaanza kusema saratani imehamia kooni na tumboni. Hakuna aliyetupigia simu kutueleza. Je, inaweza kuwa ndiyo hii unayoisema?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Pole sana dada yangu, Mwenyezi Mungu ampe mama afya. Mimi si daktari wake na sijaiona picha, kwa hiyo sitakwambia ni hii au si hii. Ila nitakwambia swali la kumuuliza daktari, na una haki ya kuliuliza.

Perteknetati iliyo huru ina alama yake: tezi ya shingo na tezi za mate kwa usawa wa pande mbili, pamoja na tumbo. Saratani haina adabu hiyo ya kuchagua viungo vilevile vinavyopenda aidini. Muulize daktari: "Usafi wa dawa siku ile ulikuwa asilimia ngapi?" Kila dawa iliyoandaliwa inatakiwa kupimwa, na kwa kelati ya MDP vitabu vya dawa vinataka angalau sehemu 90 hadi 95 kati ya 100 ya mionzi iwe kwenye kelati yenyewe. Namba hiyo inatakiwa iwepo kwenye kumbukumbu zao. Kama ipo chini, jibu umelipata. Kama ipo juu, basi daktari ataendelea kutafuta sababu nyingine, na hilo pia ni jibu.

Usimwache mama akae na hofu bila swali hili kuulizwa.

Nesi_Mkoani

Tueleze hicho kipimo Maalim. Sisi huku Pemba tunawapa watu rufaa, wanatuuliza maswali tunabaki kutazamana.

Mkemia_wa_Kikwajuni

Karibu dada nesi. Kipimo ni rahisi kiasi kwamba kutokifanya hakuna udhuru.

Unachukua vijikaratasi viwili vya kromatografia, vyembamba, urefu wa kidole. Unadondoshea tone dogo sana la dawa karibu na ncha ya chini ya kila kimoja. Kimoja unakisimamisha kwenye asetoni, kingine kwenye maji ya chumvi, kina kifupi ili tone lisizame. Kimiminika kinapanda karatasini. Kwenye asetoni, perteknetati huru inapanda nayo mpaka juu, lakini kelati na zile chembechembe zinabaki chini. Kwenye maji ya chumvi, perteknetati na kelati zote zinapanda, zinazobaki chini ni chembechembe peke yake. Unakata kila karatasi vipande viwili, unapima mionzi ya juu na ya chini. Karatasi ya kwanza inakupa kiasi cha perteknetati huru, ya pili kiasi cha chembechembe, na ukitoa vyote viwili kwenye 100 unabaki na kelati.

Ni dakika chache tu. Mgonjwa aliyevuka bahari na kulala kwa jamaa mtaani Dar ili apate nafasi yake anastahili dakika hizo.

Jambo jingine ambalo wachache wanalisema: jenereta ya Jumatatu. Ikikaa Jumamosi na Jumapili bila kupitishwa maji, teknetiamu-99m iliyokuwa inazaliwa humo inageuka kuwa teknetiamu-99 ya kawaida, ambayo nusu-maisha yake ni zaidi ya miaka 200,000. Haionekani kwenye kamera hata kidogo, lakini kikemia ni ileile. Inagombea bati lilelile na ligandi ileile, yaani ile molekuli inayoishika metali. Mtu akitumia maji ya kwanza ya Jumatatu kwenye kichupa chenye bati kidogo, mshiko unaharibika. Ndiyo maana HMPAO, dawa ya picha za ubongo, inataka perteknetati isiyozidi saa 2 tangu itoke, na jenereta yenyewe iwe imepitishwa maji ndani ya saa 24 zilizotangulia. Na hiyo HMPAO ikishaandaliwa bila kiimarishi, inatakiwa itumike ndani ya dakika 30.

Mwanachuo_Tunguu

Shukran Maalim. Mimi nasoma kemia mwaka wa tatu. Kuna kitu hakijakaa sawa kichwani. Tumefundishwa namba ya uthabiti, ile logi K. Ikiwa kubwa, kelati ni imara. Kwa galiamu, metali nyingine ya picha hizi, ikishikwa na ligandi iitwayo NOTA, ni kama 31, yaani 1 na sifuri 31 nyuma yake. Hiyo ni namba ya kutisha. Sasa metali itatokaje? Si tuchague ligandi yenye K kubwa kuliko zote tumalize kazi?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Swali lako ndilo moyo wa uzi huu, kijana wangu. Nitalijibu taratibu.

Kwanza, hiyo K imepimwa katika hali ambayo ligandi imevuliwa protoni zake zote. Kwenye damu, pH ni 7.4. Protoni zipo na zinagombea mikono ileile inayotaka kuishika metali. Kwa hiyo nguvu halisi ndani ya damu inashuka sana kuliko ile ya kitabuni, wakati mwingine kwa tarakimu nyingi.

Pili, tazama idadi. Chukua dozi ya megabekereli 740 ya teknetiamu-99m, ya kawaida kwa picha ya mifupa. Gawa kwa kiwango cha kuoza, unapata atomi kama trilioni 23. Inaonekana nyingi, lakini ni kama pikomoli 38, uzito wake nanogramu zisizofika 4. Zimwage kwenye lita 5 za damu, utapata pikomola 8 hivi. Sasa damu hiyohiyo ina transferini, protini ya kubebea chuma, kwa kiasi cha mikromola 30 hivi, na sehemu kubwa ya nafasi zake za kushikia ziko wazi. Dozi ya galiamu nayo ni atomi chache hivyo hivyo. Galiamu yenye chaji tatu inafanana sana na chuma chenye chaji tatu, na transferini inaishika kwa logi K ya karibu 20. Kwa hiyo kila atomi moja ya galiamu yako imezungukwa na mamilioni ya mikono mingine inayoisubiri.

Tatu, na hili ndilo kubwa: K inakwambia mambo yatakavyokuwa mwisho, baada ya kila kitu kutulia. Haikwambii itachukua muda gani kufika huko. Sisi hatuhitaji kelati ikae milele. Tunahitaji ikae saa moja kwa galiamu-68, siku kadhaa kwa zirkoniamu-89. Kwa hiyo swali la kweli ni la mwendo: mlango wa kutokea ni mpana au mwembamba?

Nakupa mfano wa shaba, maana hapa ndipo watu wengi wanaacha kuiabudu K. Wakemia walichukua kelati za shaba wakazichemsha kwenye asidi ya haidrokloriki ya mola 5, nyuzi 90. Kelati ya shaba na saiklamu, ligandi yenye umbo la pete, ina logi K ya karibu 27. Ya shaba na DOTA, ligandi nyingine ya pete, karibu 22. Zote mbili zilivunjika nusu yake kabla ya dakika 5. Kisha wakaijaribu CB-TE2A, ambayo ni pete ileile ya saiklamu iliyowekewa daraja katikati na mikono miwili ya ziada. Nusu yake ilichukua saa 154. Daraja hilo halikuja kuongeza upendo wa metali kwa ligandi. Limeziba njia.

BaMussa_Makangale

Salaam. Mie mvuvi, kemia siijui, lakini hili nimelifahamu. Ni dema hilo. Samaki ndani ya dema hakufungwa kamba wala hakuchomwa ndoana. Anaogelea humo atakavyo. Ila mlango umesukwa umebanwa kwa ndani, kuingia aliingia, kutoka hakuoni. Na dema likisukwa ovyo, chambo kiwe kizuri vipi, asubuhi utakuta chambo kimeliwa na samaki hayumo.

Mkemia_wa_Kikwajuni

Mzee wangu Ba Mussa, umelisema kuliko nilivyolisema mimi. K ni uzuri wa chambo. Mlango ndio mwendo. Na uko sahihi hata kwenye upande wa kuingia: dema lililobanwa sana, hata samaki kuingia inakuwa kazi. DOTA iko hivyo hivyo kwa galiamu. Inabidi uichemshe kwenye nyuzi kama 95 kwa dakika kadhaa, kwenye asidi nyepesi ya pH 4 hivi, ndipo metali inaingia. Galiamu-68 ina nusu-maisha ya dakika 68, kwa hiyo kila dakika ya kuchemsha inakula dozi. HBED-CC, ligandi iliyomo kwenye PSMA-11, dawa ya picha ya saratani ya tezi dume, inaipokea galiamu upesi bila kuchemsha, na bado inaishika vizuri. Ndiyo maana watu waliipenda.

Mwanachuo_Tunguu

Sasa nimeelewa. Na shaba-64 basi, watu wanaitumia na DOTA au hawaitumii?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Inatumika, lakini na tatizo lake. Shaba-64 ina nusu-maisha ya saa 12.7, muda wa kutosha kwa ini kufanya ujanja. Mwilini shaba ya chaji mbili inaweza kupunguzwa kuwa ya chaji moja, na ya chaji moja haipendi kukaa kwenye DOTA. Inachomoka, inashikwa na protini za ini kama seruloplasmini na superoksidi dismutesi, na ini linang'aa. Ukitafuta uvimbe ndani ya ini umekwama. NOTA inashika shaba vizuri zaidi, na sarkofajini, molekuli yenye umbo la tundu lililofungwa pande zote, iliyotokana na kazi ya Alan Sargeson huko Australia, inashika vizuri zaidi bado.

Nesi_Mkoani

Umetaja zirkoniamu siku kadhaa. Nimesoma mahali kwamba inashikwa na desferioksamini. Hiyo si dawa tunayowapa watoto wa selimundu na thalasemia wanaoongezewa damu sana, kuwatolea chuma kilichozidi?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Ndiyo hiyo hiyo dada nesi, na nimefurahi umeliunganisha. Inatoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces pilosus, ambaye anaitengeneza ili aokote chuma. Ina mikono 6, na chuma kinataka 6, kwa hiyo vinalingana. Zirkoniamu inataka 8. Nafasi mbili zinabaki wazi, maji yanaingia hapo, na taratibu metali inalegea. Nusu-maisha ya zirkoniamu-89 ni saa 78, na inafungwa kwenye kingamwili zinazozunguka mwilini siku nyingi, kwa hiyo ulegevu mdogo unapata muda wa kuonekana. Kwenye panya wa maabara, zirkoniamu iliyochomoka inakwenda kukaa kwenye mifupa. Ndiyo maana wakemia walitengeneza toleo jipya lenye mikono 8, na mfupa ukapungua kung'aa.

Hapa hatari ni kubwa kuliko ini la shaba, maana ukitafuta saratani iliyohamia kwenye mfupa, na metali yako huru nayo inapenda mfupa, huwezi kujua unaona nini.

Mdau_wa_Malindi

Kaka naheshimu elimu, lakini tuzungumze na hali yetu. Kwa nini tusiletewe dawa iliyokwisha kuandaliwa kutoka Dar kwa boti, mtu adungwe hapa hapa Unguja kama kamera itakuwepo? Boti ni saa mbili tu.

Mkemia_wa_Kikwajuni

Wazo zuri na nimelipigia hesabu. Kutoka maabara, njia ya kwenda bandarini, boti, mpaka kitandani kwa mgonjwa, weka saa 3. Teknetiamu-99m inabaki kama sehemu 71 kati ya 100. Hilo linavumilika, unaongeza dozi mwanzoni. Florini-18 yenye nusu-maisha ya dakika 110 inabaki sehemu 32. Galiamu-68 inabaki sehemu 16 tu, kwa hiyo hiyo haisafiri, lazima jenereta yake iwe hapa. Germaniamu-68 inayoizaa ina nusu-maisha ya siku 271, jenereta moja inakaa miezi mingi.

Lakini kuoza kwa mionzi ni hesabu ya karatasi, haitushangazi kamwe. Kinachoshangaza ni kelati. Sirinji iliyotikiswa saa mbili baharini, joto la mchana, hewa kidogo iliyobaki juu ya kimiminika: perteknetati huru inapanda wakati mionzi yako bado ipo. Kipimo cha mionzi kitakwambia dozi imetimia, na ni kweli imetimia, ila sehemu yake si ya mfupa tena. Mimi ningeleta perteknetati yenyewe au jenereta, pamoja na vichupa vikavu kwenye jokofu, kisha kelati itengenezwe hapa, ipimwe kwa vile vijikaratasi viwili, mgonjwa adungwe. Haya yote yanataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki na mtu aliyesomea, na sioni kwa nini vijana wetu wasisomee.

BintWete

Nina swali la upande mwingine. Kila mnachosema ni kwamba kelati ishike, ishike, ishike. Je, haipo hata moja inayotakiwa iachie?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Ipo binti yangu, na swali hili linaonyesha umesoma uzi kwa makini.

Galiamu-67 sitrati. Sitrati ni mshiko dhaifu kwa makusudi. Ikiingia kwenye damu inaachia, transferini inaichukua galiamu, na inapelekwa kwenye uvimbe na kwenye maambukizi kunakohitaji chuma. Uhamisho ule ule niliokuwa nauogopa hapo juu, hapa ndio kazi yenyewe. Na kwa sababu inategemea transferini, mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, ambaye transferini yake imejaa chuma, picha yake inabadilika: galiamu inakosa mbebaji. Dada nesi, hawa ni wagonjwa wako wa selimundu, kwa hiyo kwenye barua ya rufaa andika idadi ya chupa za damu alizopewa.

HMPAO ya ubongo nayo inapita kwenye ukuta wa ubongo ikiwa nzima, halafu ndani inabadilika umbo na kunaswa. Kinachotakiwa ni kujua kelati yako inaachia wapi na lini, na iwe umekusudia wewe.

Mdau_wa_Malindi

Na madhara kwa mgonjwa? Nanogramu nne hazimdhuru mtu, au vipi?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Kwa picha, metali yenyewe kama sumu haina uzito, ni ndogo mno. Kinachohesabika ni mionzi kukaa pasipotakiwa. Inakuwa nzito zaidi kwenye tiba. Lutetiamu-177 inayopewa wagonjwa wa uvimbe wa neva-endokrini ina nusu-maisha ya siku 6.65. Itriamu-90 ni saa 64. Zote zikiwa huru zinapenda mfupa, na ndani ya mfupa kuna uboho unaotengeneza damu. Kule, kelati dhaifu haiharibu picha tu, inamwondolea mtu chembe zake za damu. Ndiyo maana DOTA imetawala kwenye tiba hizo: kwa metali hizi kubwa zenye chaji tatu, mlango wake ni mwembamba kweli kweli.

Tazama pia gadoliniamu, ambayo haina mionzi, inadungwa kwenye MRI, picha ya sumaku, kwa kiasi kikubwa mara mamilioni ya hizi zetu. Mwaka 2006 madaktari waliihusisha na ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa kwa wagonjwa wa figo. Waliopatwa wengi walipewa kelati za mnyoosho, zenye ligandi iliyo wazi kama uzi, si za pete. Figo zilipochelewa kuitoa, kelati ilipata muda wa kuachia. Mgonjwa wa figo akipelekwa MRI, lazima iulizwe anadungwa aina gani.

Mwanachuo_Tunguu

Swali la mwisho kwangu Maalim. Nasikia aktiniamu-225 ndiyo tiba mpya. Je, ligandi nzuri inatosha?

Mkemia_wa_Kikwajuni

Haitoshi, na hapa kemia inafika ukingoni. Aktiniamu-225, nusu-maisha siku 9.9, inatoa chembe ya alfa, na inapoitoa, atomi iliyobaki inarushwa nyuma kwa nguvu ya kiloelektroni-volti zinazokaribia 100. Kifungo cha kemia kinabeba elektroni-volti chache tu. Hakuna ligandi duniani inayoweza kushika kitu kinachorushwa kwa nguvu hiyo. Na atomi iliyobaki si aktiniamu tena, ni fransiamu, ambayo DOTA haina haja nayo. Kwa hiyo watafiti wanategemea molekuli kuingia ndani ya seli ya saratani kabla ya mlipuko wa kwanza, ili watoto wa aktiniamu wabaki humo humo.

Mwanachuo_Tunguu

Nataka kufanya mradi wa mwaka wa mwisho juu ya haya. Chuoni hatuna mionzi.

Mkemia_wa_Kikwajuni

Huhitaji mionzi. Shaba ya kawaida ina kemia ileile ya shaba-64, na ina rangi. Andaa kelati ya shaba na EDTA, ni ya buluu, inafyonza mwanga karibu na nanomita 730. Andaa nyingine na saiklamu, ni ya zambarau, inafyonza karibu na 510. Pima kila moja kwenye spektrofotometa, kisha ongeza asidi ya haidrokloriki, na upime tena kila baada ya muda huku joto likiwa limedhibitiwa. Chora rangi inavyopotea kwa wakati. Fanya kwenye joto la chumba kwanza, halafu nyuzi 37, halafu 60, utaona jinsi mlango unavyofunguka kwa joto, na utaweza kukokotoa kizuizi cha nishati. Ukipata fedha za kununua ligandi yenye daraja, iongeze.

Osha vyombo vyako vyote kwa asidi nyepesi na maji safi yaliyotolewa ayoni kabla ya kuanza, maana chuma na zinki za bombani zitagombea ligandi yako na namba zako zitakuwa za kutu. Fanyia kazi ndani ya kabati la moshi, miwani machoni, asidi ya moto haina msamaha. Ukishapata grafu ya kwanza ilete hapa tuitazame pamoja.